Picha 14 na Hadithi Zisizoandikwa: Tathmini ya The Mysteries of Harris Burdick kama Zana ya Kufundishia Utunzi

Mwalimu wa utunzi anayetafuta picha za kuwachochea wanafunzi waandike hadithi fupi hakosi picha. Anachokosa ni picha itakayomfanya mwanafunzi asimulie badala ya kueleza tu anachokiona. Kwa kipimo hicho, sijapata mkusanyiko unaokishinda kitabu cha Chris Van Allsburg kiitwacho The Mysteries of Harris Burdick, kilichochapishwa Marekani mwaka 1984 na kampuni ya Houghton Mifflin, ambacho tangu hapo walimu wameendelea kukitumia kufundishia uandishi. Hapa ninakitathmini kama zana ya kazi darasani, si kama kitabu cha kumsomea mtoto kabla hajalala, kwa sababu yapo mambo ambayo kwa msomaji wa kawaida ni sifa na kwa mwalimu ni usumbufu, na yapo mengine ambayo msomaji huyapita bila kuyaona ilhali kwa mwalimu ndiyo yenye thamani yote.

Kitabu chenyewe ni chembamba na maneno yake ni machache mno. Kinaanza na utangulizi unaodai kwamba miaka mingi iliyopita mtu aitwaye Harris Burdick alikwenda kwa mhariri wa vitabu vya watoto aitwaye Peter Wenders, akamwonyesha picha 14, akamweleza kwamba ameandika hadithi 14 na kwamba kutoka kila hadithi ameleta picha moja tu ya kuonjesha. Mhariri alivutiwa, akaomba aletewe hadithi zote. Burdick akaahidi kurudi kesho yake asubuhi, na hakuonekana tena. Kilichobaki ni picha, na kwa kila picha kichwa cha hadithi pamoja na sentensi moja au mbili zilizonyofolewa kutoka kwenye hadithi iliyopotea. Hayo yote, bila shaka, ni ubunifu wa Van Allsburg mwenyewe, lakini yamesimuliwa kwa uso mkavu kiasi kwamba wanafunzi wadogo huyaamini, na wakubwa hubishana kwa muda mrefu kama ni kweli au si kweli. Utangulizi unaongeza jambo moja ambalo mwalimu hapaswi kuliruka: kwamba Wenders alikuwa na sanduku lililojaa hadithi zilizoandikwa na watoto wake na rafiki zao baada ya kuziona picha hizo. Kwa hiyo kabla mwalimu hajafungua kinywa, kitabu kimekwisha kumpa mwanafunzi wadhifa: kuna hadithi imepotea, wenzako walijaribu kuirudisha, nawe zamu yako imefika.

Mchoraji si mgeni katika uwanja huu. Van Allsburg alisomea uchongaji kabla ya kuingia kwenye vitabu, na alipata nishani ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto, mara mbili, mwaka 1982 kwa Jumanji na mwaka 1986 kwa The Polar Express. Mafunzo ya uchongaji yanaonekana katika kila ukurasa. Picha zote ni za nyeusi na nyeupe, lakini vitu vilivyomo vina uzito: kiti kinaonekana kweli kinaweza kuvunja kitu, ukuta unaonekana ni ukuta wa kuegemea, na mwanga hutoka mahali panapojulikana, si kila upande kwa pamoja. Jambo hili linahusiana moja kwa moja na ufundishaji. Ulimwengu unaoonekana thabiti ndio unaomfanya mtazamaji ashtuke pale kitu kimoja ndani yake kinapokwenda kinyume, na kushtuka huko ndiko kunakozaa swali la kwanza la hadithi.

Nadhani hapa ndipo picha nyingi nyingine za mafumbo zinaposhindwa. Mtandaoni zimejaa picha za visiwa vinavyoelea angani, samaki wanaopita juu ya mapaa, wasichana wenye mbawa wanaotembea juu ya mawingu ya zambarau, na walimu huzipakua kwa wingi kwa kudhani kwamba ajabu ikizidi ndivyo mwanafunzi atakavyozidi kuchochewa. Katika uzoefu wangu hutokea kinyume. Mahali ambapo kila kitu ni cha ajabu, hakuna kinachohitaji kuelezwa. Mwanafunzi huandika kwamba hapo zamani kulikuwa na nchi ambako samaki huruka, na akishaandika hivyo hadithi imekwisha kabla haijaanza, kwa kuwa hakuna mtu anayeshangaa ndani yake. Picha za Burdick zina nidhamu ya kuvunja kanuni moja tu kwa wakati. Chumba ni cha kawaida, dirisha ni la kawaida, karatasi ya kupambia ukuta ina ndege waliochapishwa kama kwenye chumba chochote cha aina hiyo, isipokuwa ndege mmoja ambaye bawa lake limeanza kubanduka ukutani. Sentensi inayoandamana na picha hiyo haimtaji ndege kabisa. Inasema tu kwamba yote yalianza pale mtu alipoacha dirisha wazi.

Huko kutotaja ndiko moyo wa zana hii, na ndiko kunakoitofautisha hata na picha nyingine nzuri. Sentensi hizi hazielezi picha. Zinasimama pembeni yake, mara nyingi katika wakati mwingine wa hadithi, na kumlazimisha mwandishi ajenge daraja kati ya viwili hivyo. Chukua picha iitwayo The Seven Chairs: mtawa wa kike ameketi kwenye kiti kinachoelea juu ndani ya kanisa kubwa, na viongozi wawili wa dini wamesimama chini wakimtazama. Mwanafunzi aliyeachiwa picha peke yake ataandika kuhusu muujiza, na hadithi ishirini za darasa zima zitafanana. Lakini maelezo yanasema kwamba kile cha tano kiliishia Ufaransa. Ghafla mtawa si mada tena. Mada ni viti, viko saba, na vimetawanyika duniani. Nani alivitengeneza? Vinne vya kwanza viko wapi? Je, hiki tunachokiona ndicho cha tano, au ni kingine? Kuna mtu anavifuatilia, na mtu huyo ana sababu. Mwalimu anaweza kutumia somo zima kueleza kwamba hadithi fupi huhitaji tukio, mhusika mwenye haja na mpangilio wa matukio katika wakati, na asifikishe ujumbe huo kama unavyofikishwa na namba tano katika sentensi hiyo fupi.

Picha ninayoipendelea kuanzia ni ile ya Under the Rug. Mwanamume ameinua kiti juu ya kichwa chake, tayari kukishusha kwa nguvu, na mbele yake chini ya zulia kuna kitu kimevimba. Maelezo yake yanasema kwamba wiki mbili zilipita na likatokea tena. Ninaipendelea kwa sababu haina kitu kikubwa: hakuna anga, hakuna bahari, hakuna umati, ila mtu mmoja, chumba kimoja na tuta dogo sakafuni. Mwanafunzi dhaifu hapotei ndani yake, na aliye hodari hana pa kujificha. Tena neno la mwisho la maelezo hayo linafanya kazi ambayo mwalimu angeifanya kwa jasho: kama limetokea tena, basi liliwahi kutokea, na mwandishi hawezi kuendelea bila kuamua mara ya kwanza ilikuwaje, nani alikuwapo, na kwa nini wiki mbili zilipita bila mtu yeyote kunyanyua zulia hilo na kutazama.

Somo hukaa vizuri zaidi kalamu zikiwa bado mezani. Ninaionyesha picha bila maelezo yake na kuwataka wanafunzi waseme wanachokiona tu, na kila anayesema anachokikisia ninamrudisha taratibu. Mtu ana hasira, anasema mmoja. Je, hasira inaonekana wapi, mikononi au usoni? Kuna mnyama chini ya zulia. Hapana, kuna uvimbe chini ya zulia, mnyama umemleta wewe. Zoezi hili linaweza kuonekana la kichunguzi mno, lakini ndilo linalowafundisha wanafunzi tofauti kati ya kinachoonekana na kinachodhaniwa, na hadithi nzima ya taharuki huishi katika pengo hilo. Ni baada ya hapo tu ndipo ninapoyafunua maelezo, na kwa kawaida darasa hunyamaza kidogo, kisha hulipuka kwa maswali. Maswali hayo huandikwa ubaoni bila kujibiwa hata moja. Anayejibu kwa sauti huwaharibia wenzake, maana jibu la kwanza likitajwa hadharani huwa ndilo jibu la nusu ya darasa.

Rasimu za mwanzo, hata baada ya maandalizi hayo, huja zikiwa maelezo ya picha. Mwanafunzi mmoja alinipa rasimu iliyoanza hivi: "Katika picha hii ninamwona mwanamume ameshika kiti. Ana hasira sana. Chini ya zulia kuna kitu." Hakuna kosa la lugha hapo, na mtihani wa insha ungempa alama zake, ila hakuna hadithi. Nilimwomba afanye jambo moja tu, kufuta neno picha na kila kitenzi cha kuona, kisha aanze mahali ambapo anayesimulia alikuwa ndani ya nyumba ile. Alirudi na hii: "Mara ya kwanza alisema ni panya. Safari hii hakusema neno. Alikwenda kuchukua kiti." Sentensi tatu, na tayari kuna msimulizi anayeishi na mtu huyo, kuna tukio lililopita, kuna mabadiliko ya tabia, na kuna hofu ambayo haikutajwa kwa jina. Si kila mwanafunzi hufika huko kwa marekebisho mamoja, lakini mwendo ni huohuo, na picha hii huufanya uonekane kwa macho.

Jambo la kuamua mapema ni mahali pa kuiweka ile sentensi ya kitabu ndani ya hadithi ya mwanafunzi. Walimu wengi huitumia kama sentensi ya ufunguzi, kwa kuwa ndiyo njia nyepesi, na kwa picha ya dirisha lililoachwa wazi inafaa kabisa. Kwa nyingi nyingine ni upotevu. Ile ya maktaba ya Bwana Linden, ambamo msichana amelala kitandani na mimea inayotambaa inaota kutoka kwenye kurasa za kitabu kilichofunguliwa kando yake, inasema kwamba alikuwa ameonywa kuhusu kitabu hicho na sasa wakati umepita. Ikiwekwa mwanzoni, hakuna pa kwenda isipokuwa kurudi nyuma kueleza. Ikiwekwa karibu na mwisho, kila kinachotangulia kinapata uzito wa onyo lisilosikilizwa. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba sentensi lazima iingie mahali fulani, ila mahali penyewe apachague na apatetee, hujifunza muundo wa hadithi bila kuchorewa ule mlima wa matukio unaochorwa katika vitabu vya kiada.

Si picha zote 14 zina nguvu sawa darasani, na mwalimu anayezipanga zote mezani siku ya kwanza na kusema kila mtu achague yake atajuta. Wengi watakimbilia The House on Maple Street, ambamo nyumba nzima inapaa usiku kwa moto kama roketi, au Missing in Venice, ambamo meli kubwa ya abiria inavutwa ndani ya mfereji katikati ya majengo. Ni picha za kuvutia na nimeona watu wazima wakizitazama kwa muda mrefu, lakini ukubwa wa tukio humeza wahusika. Hadithi zinazotokana nazo huwa za safari za anga na za meli kuzama, zenye watu wengi wasio na majina na milipuko miwili au mitatu, na hukoma pale kurasa zinapokwisha. Nazitumia mwishoni kabisa mwa muhula, kwa wanafunzi waliokwisha kujua kwamba katika nyumba inayopaa anayetakiwa ni mtu mmoja aliyesahau kitu jikoni.

Picha zenye vitanda nazo zina mtego wake. Mbali na ile ya maktaba, kuna ya Archie Smith, ambamo mvulana amelala na vimulimuli vya mwanga vinaingia kupitia dirishani, huku sauti ndogo ikiuliza kama huyu ndiye. Ni miongoni mwa picha nzuri zaidi katika mkusanyiko, na ni miongoni mwa zinazozaa miisho mibaya zaidi, maana mwanafunzi akimwona mtu amelala tayari ana mwisho wake mfukoni: kumbe ilikuwa ndoto. Nimeupiga marufuku mwisho huo waziwazi kabla ya kuzitoa picha hizo. Ukiuacha bila kuutaja utaupata katika theluthi ya madaftari, pamoja na binamu yake wa karibu, yule mhusika anayezinduka hospitalini.

Zile za katikati, zenye watu wawili au watatu na jambo dogo lisilo la kawaida, ndizo zinazolipa. Katika A Strange Day in July watoto wawili wako ukingoni mwa maji. Maelezo yanasema kwamba alilirusha kwa nguvu zake zote, lakini jiwe la tatu lilirudi likirukaruka juu ya maji. Mtoto wa miaka kumi anaielewa mara moja, kwa sababu amewahi kurusha mawe majini, na kijana wa sekondari anaweza kuitumia kuandika kuhusu ndugu wawili na kitu kilichotupwa ambacho kimekataa kutupika. Ile ya Captain Tory, yenye gati, taa inayopungwa mara tatu na merikebu inayojitokeza polepole, huwafaa wale wanaopenda kuchelewesha, na kuchelewesha ni ufundi ambao wanafunzi wengi hawaujui kabisa. Hufichua kila kitu katika aya ya kwanza kama wanaodaiwa. Uninvited Guests, yenye mtu anayeshuka ngazi na kuona mlango mdogo mno ambao kitasa chake anaamini kimezunguka, ni nzuri kwa kufundisha usimulizi wa nafsi ya kwanza na kwa swali la kama msimulizi anaaminika.

Kuhusu matoleo, ushauri wangu ni thabiti. Kitabu cha kawaida kilichofungwa kinatosha kwa mwalimu binafsi na kwa maktaba ya nyumbani. Kwa darasa, toleo la kutafuta ni lile lililotoka mwaka 1996, lenye picha kubwa katika karatasi zisizofungwa pamoja, ambalo pia lina picha ya 15 iliyoongezwa. Faida yake si ukubwa tu. Karatasi iliyo huru inaweza kutundikwa ukutani wiki nzima, ikawa hapo wakati wanafunzi wanaingia na kutoka, na hadithi nyingi huanza katika kutazama huko kwa pembeni kusiko na daftari. Inaweza kupewa kikundi kimoja huku kingine kikiwa na nyingine. Na mwalimu anaweza kuficha zile asizotaka zionekane bado, jambo ambalo kwa kitabu kilichofungwa haliwezekani mara mwanafunzi mmoja anapokigeuza kurasa. Anayetumia projekta atapata matokeo mazuri pia, mradi chumba kiwe na giza la kutosha. Nakala za fotokopi sizipendekezi hata kidogo. Vivuli katika picha hizi ni vya hatua nyingi, kutoka kijivu chepesi hadi weusi mzito, na mashine ya kawaida huvigeuza kuwa madoa mawili, jeusi na jeupe. Uvimbe chini ya zulia hugeuka kuwa doa, na bawa la ndege lililobanduka hurudi kuwa sehemu ya ukuta, yaani fumbo lenyewe linapotea. Hilo ni mbali na suala la haki za mwandishi, ambalo shule haina sababu ya kulipuuza.

Kuna pia kitabu cha kukisindikiza, The Chronicles of Harris Burdick, kilichotoka mwaka 2011, ambamo waandishi 14 wamepewa kila mmoja picha yake na kuandika hadithi iliyokosekana, huku utangulizi ukiwa wa Lemony Snicket. Miongoni mwao wamo Lois Lowry, Kate DiCamillo, Walter Dean Myers, Louis Sachar, Linda Sue Park na Van Allsburg mwenyewe, aliyejichagulia picha ya viwavi. Imo pia hadithi ya Stephen King kuhusu ile nyumba inayopaa, iliyokuwa imekwisha kuchapishwa katika mkusanyiko wake wa mwaka 1993. Hadithi hizo hazilingani: nyingine zimeandikwa kwa ustadi mkubwa, nyingine zinasomeka kama kazi iliyokubaliwa kwa heshima ya rafiki, na baadhi zinamfaa msomaji mkubwa kuliko mtoto wa shule ya msingi. Manufaa yake kwa mwalimu ni ya baada ya kazi, si ya kabla. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika hadithi yake kuhusu chumba chenye ndege wa ukutani, akasoma jinsi DiCamillo alivyoisimulia kwa njia ya barua, huona kwamba picha ileile ingeweza kuingiliwa kwa mlango ambao hakuufikiria, na huwa na haki ya kusema kwamba mlango wake ulikuwa bora. Akiisoma kabla, ataiga. Nimeona vitabu hivyo viwili vikiuzwa na kupendekezwa kama jozi ya kununuliwa na kutolewa pamoja, na kwa darasa la utunzi naona ni ushauri mbaya. Kile cha pili kikae kabatini kwa mwalimu.

Kasoro zipo, na kubwa kuliko zote ni kwamba kitabu hakina msaada wowote kwa mwalimu. Hakuna maswali, hakuna mpango wa somo, hakuna neno linaloonyesha kwamba picha moja ni ngumu kuliko nyingine. Kwa msomaji ni fadhila, na mimi binafsi nisingependa kuona ukurasa wa maswali ukibandikwa chini ya picha ya mtawa. Hata hivyo mwalimu asiye na uzoefu wa kufundisha uandishi wa kubuni atakinunua, atakionyesha, atasema andikeni, na atapata maelezo ya picha kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha atakilaumu kitabu. Zana hii humtaka mwalimu awe na kazi yake tayari. Aidha, majumba, mavazi na samani zote ni za Marekani na Ulaya za miaka iliyopita, na wanafunzi wengine huchukulia kwamba lazima hadithi yao nayo ihamie huko, wakawapa wahusika majina ya kigeni na kuwatembeza katika miji wasiyoijua. Ni vyema kuwaambia mapema kwamba mtu mwenye kiti anaweza kuwa jirani yao, na zulia ni zulia popote lilipo. Vichwa na maelezo yako kwa Kiingereza, na anayefundisha utunzi wa Kiswahili itambidi ayatafsiri mwenyewe. Kwa kuwa ni mafupi, kazi hiyo ni ya jioni moja, ila aifanye kwa uangalifu wa kutofafanua kile ambacho Kiingereza kimekiacha kimya.

Usahihishaji wa hadithi hizi unahitaji mizani tofauti na ile ya insha. Swali wanaloliuliza wanafunzi daima ni kama lazima walifumbue fumbo. Jibu langu ni hapana, lakini ninadai kitu badala yake. Kilichomo chini ya zulia kinaweza kubaki bila kujulikana hadi nukta ya mwisho, mradi mtu mmoja ndani ya hadithi awe ameamua jambo ambalo mwanzoni asingeliamua: kuhama, kukaa, kulinyanyua zulia, au kulipigilia misumari pembeni zote. Hadithi isiyofumbua fumbo na ambayo ndani yake hakuna aliyeamua chochote ni hadithi iliyoachwa njiani, na wanafunzi wakubwa hupenda kuiita ya kisanii. Wadogo wana tatizo la upande wa pili, kwani hufumbua kila kitu kwa haraka ya kutisha, na mara nyingi jibu lao ni jini au mgeni kutoka sayari nyingine. Kwao ninatumia sharti kwamba chanzo cha jambo kiwe kimeguswa na mkono wa binadamu aliyetajwa katika hadithi, sharti ambalo limeokoa hadithi nyingi kuliko maelezo marefu niliyokuwa nikiyatoa kuhusu uhalisia.

Kwa umri, kitabu kimepangwa miongoni mwa vitabu vya watoto, na mwalimu wa sekondari anaweza kukidharau kwa sababu hiyo. Asikidharau. Nimeona wanafunzi wa miaka kumi na sita wakifanya kazi nzuri zaidi kwa picha ya watoto walio juu ya toroli la reli lenye tanga, wakielekea ukunguni, kuliko kwa picha zozote za kisasa nilizowahi kuwapa, na sababu ninayoiona ni kwamba kitabu hakiwasemeshi kama watoto. Kinawakabidhi ushahidi na kunyamaza. Kwa upande wa chini, watoto ambao bado wanahangaika kuandika sentensi kamili watanufaika zaidi kwa kusimulia kwa mdomo wawiliwawili, mwalimu au mwenzao mkubwa akiandika.

Asiyepaswa kukinunua ni mwalimu mwenye kipindi kimoja kifupi na mtihani kesho yake. Picha moja ya Burdick ikifanyiwa haki hudai vipindi visivyopungua vitatu: cha kutazama na kuuliza, cha rasimu, na cha kusomeana kwa sauti na kurekebisha. Hicho cha kusomeana kisifutwe hata muda ukibana, kwa sababu ndipo darasa lililopewa picha moja linaposikia kwamba chini ya zulia lilelile kulikuwa na barua, mtoto, kisima, deni, na katika hadithi moja niliyoitunza, zulia jingine.